Mashine ya kike au ya kiume?

Kijana wetu wa mafunzo hapa kwenye hifadhi ya nyaraka aliniletea simu yake akitabasamu. "Dada, ile barua ya sanduku la nne nimeshaisoma. Sekunde kumi tu." Nikafurahi, kisha nikasoma muhtasari wenyewe, ulioandikwa na akili unde. Mfanyabiashara anamwandikia nyanya yake kwamba atafika saa nane mchana, mwaka 1352.

Bibi aliyeandikiwa barua ile hakuwa nyanya, alikuwa mke. Saa mbili iliyoandikwa baruani mashine iliihesabu kizungu. Na 1352 ni mwaka wa Hijria, yaani 1933 kuingia 1934. Lau ningeunakili kwenye orodha kama ulivyo, karatasi yetu ingekuwa imeandikwa hapa Mombasa karibu miaka 150 kabla Vasco da Gama hajatia nanga.

Hayo ya kusahihishika. Lililoninyima usingizi ni kwamba kijana alikuwa ameipiga picha barua na kuituma kwenye programu ya bure mtandaoni. Ndani mlikuwa na majina ya watoto na deni ambalo ukoo ule mpaka leo hauliongelei. Walituachia amana, nasi tukaitoa nje bila kuuliza.

Sikumkaripia sana, maana kosa lilikuwa langu. Sikuwa nimempa kanuni yoyote. Wala sikupiga akili unde marufuku. Tuko watu wawili na mwanafunzi mmoja, masanduku yamejaa hadi darini, na kanda za kaseti za miaka ya 1980 zinazidi kuoza kwa chumvi ya bahari. Msaada nauhitaji. Nilichofanya ni kusimamisha kila kitu kwa miezi mitatu ili tujue kwanza tuna nini.

Kazi hiyo ilikuwa ya vumbi. Tulifungua sanduku baada ya sanduku tukilinganisha na daftari la mapokezi, na aghalabu tulikuta jina la aliyeleta na tarehe, basi. Hakuna aliyeandika kama mwenyewe aliruhusu watu wasome, wanakili au wachapishe. Tukafunga tepe: kijani kwa magazeti na matangazo yaliyokwisha kuchapishwa, manjano kwa vitu vya kwenda kuuliza wenyewe, nyekundu kwa visivyoguswa. Nilisoma pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na pale nikashtuka. Majina ya watoto, wazazi na wenzi wa ndoa yamo kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa za namna hiyo hazipelekwi kushughulikiwa nje ya nchi bila ridhaa ya mhusika. Barua za ukoo ni nini kama si majina hayo?

Ndipo nikaanza kubisha milango ya watu Mji wa Kale. Wengi walikubali kabla sijamaliza kueleza, jambo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko kukataliwa. Bi mmoja, ambaye sauti yake imo kwenye kanda kadhaa za vugo, nyimbo za harusi za wanawake, alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hiyo mashine ni ya kike au ya kiume?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nyimbo zile waliziimba wanawake peke yao, mlango umefungwa, na aliyezirekodi alikuwa mwanamke aliyeaminiwa. Akauliza la pili: "Na ikishasikia, itasahau?" Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo. Tukaafikiana: kanda mbili anazosimulia mitaa ilivyokuwa zamani, sawa, maadamu hazitoki ofisini. Za vugo, la.

Kwa hiyo tulitafuta programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi inayokaa ndani ya kompyuta yetu wenyewe, na kompyuta ile tukaichomoa kwenye intaneti kabisa. Inakwenda polepole. Tunaiacha usiku.

Kabla ya kuiamini tuliijaribu kwa kanda tulizokwisha kuziandika kwa mkono. Kwenye mazungumzo ya kawaida ilituokolea saa nyingi. Lakini Bi anaponyamaza kidogo kuvuta kumbukumbu, mashine haikubali kimya. Hujaza sentensi ambayo hakuna aliyeitamka, tena kwa Kiswahili safi. Kwa hiyo hakuna ukurasa unaoingia orodhani kabla mtu hajausikiliza wote. Jambo la pili hatukulitarajia. Bi anasema Kimvita, lahaja ya Mombasa, na "ndia" zake zote zikageuka "njia". Kwa karani wa ofisi nyingine hilo ni usahihisho. Kwetu sisi, tuliozihifadhi kanda hizo hasa kwa sababu ya ndia, ni hasara, na kila moja tunairudisha.

Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu tulizijaribu pia, tukaacha. Waandishi wa zamani mara nyingi hawakuitia nuni, yaani herufi ya n, "ndugu" ikaandikwa kama "dugu", na irabu za i na e hukaa chini ya alama moja. Mashine ilijitahidi kuzisoma kama Kiarabu ikatoa vurugu. Hizo anazisoma mwalimu mmoja mstaafu wa chuo anayekuja Jumamosi, na anapokwama huandika kwa penseli kwamba amekwama. Kwenye orodha tumeongeza safu mbili, nani alisoma na nani alihakiki, na mashine haiandikwi kwenye ile ya pili.

Mwezi uliopita Bi alikuja kusikiliza kanda zake za mitaa. Alivaa vipokea sauti juu ya mtandio, akasahihisha majina mawili ya vichochoro, akaagiza chai. Kisha akaomba kuonyeshwa zile nyingine zilipo. Ziko kabati la chini, utepe mwekundu, ufunguo ninao mimi. Alimtazama yule kijana wetu, akanitazama mimi.

"Yeye hana," nikamwambia.

Akarudi kwenye chai yake.