Miiba ya ningu

Jumamosi tumefanya arobaini ya Baba. Turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimerudi (viwili vilivunjika, tumelipa), masufuria ya majirani bado yamejaa jikoni kwetu Kirumba, Mwanza. Siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa kwa dakika nne: amezaliwa, ameoa, ameacha mjane, watoto 7 na wajukuu 19. Niliuandika mimi, kwa hiyo nina haki ya kuulaumu. Haukuwa na Baba ndani yake.

Baba alikuwa fundi mitumbwi pale mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki. Mimi na pacha wangu Kulwa tulikulia kwenye vumbi la mbao, na kazi yetu ilikuwa kusokota pamba. Pamba yenyewe ilitoka kwa wajomba zetu Magu, ndani ya kiroba, bado ina mbegu. Tulitoa mbegu, tukaisokota kamba nyembamba ndefu, naye akaipachika kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, akiigonga na patasi butu, tak tak tak, mpaka izame yote. Mtumbwi ukishushwa ziwani pamba inalowa, inavimba, maji yanakosa njia. Ukisokota kizembe, hakukugombeza. Aliing'oa yote, akaiweka mapajani mwako, akaendelea na shughuli zake. Afadhali angechapa.

Ugomvi wake ulikuwa kwenye tezo. Ole wako uiruke. Hata mteja mwenye hela mkononi aliambiwa arudi nyuma, azunguke. Halafu alikuwa bahili, tusifichane. Misumari iliyopinda aliinyoosha juu ya jiwe mmoja mmoja, na sukari ya chai aliifungia kabatini.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikija Mwanza. Mimi na Kulwa tulikuwa na miaka 15. Mtaani kila nyumba ilikuwa na mtu wake au mtu wa jirani yake, na majeneza hayakutosha. Baba alikuwa na mbao za mteja mmoja wa Ukerewe, zimeshapigwa randa, zinasubiri tu kuunganishwa. Alizikata zote. Yeye na wenzake waligonga majeneza usiku na mchana, wakati wa usiku tunawashikia karabai. Kama wiki mbili baadaye mwenye mbao akaja. Akatazama pale zilipokuwa zimepangwa, akakaa chini, akaomba maji ya kunywa. Hakuuliza kitu. Baba alimtengenezea mtumbwi wake mwaka uliofuata, na sijui nani alilipia nini, maana hayo hayakuzungumzwa mbele yetu.

Sasa Mama. Mama ni mtu wa Magu, karibu na Mto Simiyu unapoingia ziwani, na kwao samaki ni ningu. Sangara anamwita nyama ya kiwandani. Zamani mvua zikianza ningu walipanda mtoni kutaga, watoto wakawavua kwa vikapu. Siku hizi kumpata ni bahati, maana nyavu zimewangoja kwenye midomo ya mito miaka mingi. Baba alikuwa na kijana wake mwaloni ambaye akiona ningu hata mmoja anapiga simu, na yule bahili wetu anatoa hela bila kubishana bei.

Tatizo la ningu ni miiba. Ipo kila mahali katikati ya nyama, myembamba kama nywele, mingine ina pacha kama herufi Y. Mwaka 2009 presha ya macho ilimaliza macho ya Mama, na sote tukajua ningu ndiyo basi. Baba hakusema kitu. Alivuta kigoda, akasogeza sahani yake karibu na taa, akaanza. Anabonyeza nyama kwa kidole gumba, anasikiliza kwa ncha ya kidole, anachomoa, anapanga miiba ukingoni mwa sahani kama anayehesabu misumari. Vidole vyenyewe vya fundi, vinene, kimoja hakina kucha. Akimaliza upande mmoja anamwambia, "Mama Kulwa, tayari," naye Mama anakula na ugali wake wa udaga (muhogo), ndipo Baba anageuza upande wa pili. Chake kinapoa. Wenzake wa mwaloni walimcheka, mzee mzima anakaa jikoni kuchambua samaki wa mke. Akawauliza, "Mnataka nimwite nani aje amtolee?"

Na kila asubuhi alimwamkia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa heshima, kama watu waliokutana njiani, wakati wameamka kitanda kimoja.

Kwa wajukuu alikuwa mtu mwingine kabisa. Sisi hatukuruhusiwa kugusa randa. Wao aliwakalisha pembeni yake akiwafundisha. Kila mmoja alichongewa mtumbwi wa kuchezea, na Mama alipofoka kwamba ziwani kuna kichocho, Guku, yaani babu yao, aliwaongoza kwa mlango wa nyuma. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, Kulwa alimpeleka kulivuka. Kilomita tatu, dakika chache. Baba akaona haitoshi, akataka warudi, kisha waende tena. Alikuwa anatazama chini, kwenye maji, pale tulipokuwa tukisubiria kivuko zamani, saa nzima, wakati mwingine mbili, tukila karanga.

Aliumwa siku nne tu. Tumemzika Kisesa, alikotaka.

Siku ya arobaini mjomba alikuja kutoka Magu na ningu wawili ndani ya mfuko. Jioni wageni walipopungua niliwapika, nikavuta kile kigoda, nikasogea kwenye taa. Nilichukua karibu saa nzima. Nilibonyeza, nikachomoa, nikapanga ukingoni kama nilivyomwona akifanya, nikabonyeza tena. Nikamwambia Mama tayari.

Akamega, akatafuna taratibu. Akatoa mwiba ulimini, akaupapasia ukingo wa sahani, akauweka. Akala tena. Akatoa mwingine. Wa tatu aliushika kidogo kati ya vidole kabla ya kuuweka pamoja na wenzake.

"Doto," akasema, "kesho pika sangara."