Je, maji ya tangi la boti yananyweka?

Kila mgeni anayepanda boti ya matanga kwa safari ya zaidi ya siku moja huuliza swali hili mapema, mara nyingi akiwa amekwisha kununua katoni za maji ya chupa. Jibu langu ni kwamba yananyweka, mradi nahodha ajue maji yalitoka wapi na tangi lilisafishwa lini mara ya mwisho. Nahodha asiyeweza kujibu hayo mawili asimpe mtu maji hayo, hata ya kusukutulia.

Nasema hata ya kusukutulia kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Katika boti nyingi zinazotia nanga hapa kwenye hori ya Kilifi utaambiwa kwamba maji ya tangi ni ya kuoga na kuoshea vyombo tu. Asubuhi watu wale wale hupigia mswaki maji ya bomba, huoshea nyanya za kachumbari, na kusuuzia bilauri watakazomiminia maji yao ya chupa. Kama maji hayo yana vijidudu vya kuhara, wameshavimeza. Tena tangi likishaitwa la kuogea, hakuna anayelishughulikia: halifunguliwi, halitiwi dawa, na maji hukaa humo msimu mzima wa kusi boti ikiwa imefungwa, mpaka ule wasiwasi wa mwanzo ukawa kweli. Naamini kwa dhati kwamba tangi linalonywewa kila siku ndilo hubaki safi, kwa kuwa kila aliyemo chomboni ana sababu ya kulitunza.

Uchafu wenyewe mara nyingi huingia kabla maji hayajafika tangini. Maji ya mfereji tunayopata huku, yanayotoka Baricho kando ya Mto Sabaki, hutiwa klorini, lakini klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa na kupata joto. Yakishalala katika tangi la juu ya paa, yakahamishiwa kwenye lori la maji, kisha yakapakuliwa kwa madumu hadi ufukweni, huenda yasibaki hata na miligramu 0.2 kwa lita, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kiwepo maji yanapomfikia mtumiaji. Mpira wa maji ulioachwa juani nao huwa na maji moto yaliyovunda ndani yake, kwa hiyo yaache yamwagike mpaka yatoke baridi na bila harufu, ndipo uuelekeze tangini.

Kuna pia kifuniko cha kujazia maji, kilicho sakafuni juu ya sitaha. Chini yake pana pete nyembamba ya mpira ambayo jua huikausha mpaka ikapasuka, na kila wimbi linalopita juu ya sitaha hupenyeza maji ya chumvi kidogo kidogo. Katika boti nyingi kifuniko hicho kiko karibu na cha dizeli, vyote viwili vya ukubwa mmoja na rangi moja, vikitofautishwa na neno lililochongwa ambalo limeshafutika nusu. Mimi hupaka rangi tofauti kwa makusudi, kwa sababu dizeli ikiingia kwenye tangi la maji hakuna kuchemsha wala klorini itakayoiondoa. Mpira wa kupumulia tangi nao husahaulika. Mdomo wake huwa ubavuni mwa boti, na usipokuwa na wavu, nyigu huja kujenga humo viota vya udongo.

Ukitaka kujua hali ya tangi, fungua kifuniko kikubwa cha ukaguzi, mulika tochi, kisha pitisha kidole ukutani, hasa pale juu kidogo ya usawa wa maji. Kidole kikiteleza kama kwenye ngozi ya samaki, usinywe. Utelezi huo ni tabaka la bakteria walioshikamana, nao hukingana dhidi ya dawa, kwa hiyo kumwaga klorini juu yake bila kusugua ni kupoteza dawa. Sugua kwanza kwa brashi na maji, toa tope lote lililotuama chini, ndipo utie dawa.

Kipimo ninachotumia kusafishia ni mililita 200 za jiki isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5, kwa tangi la lita 200, ambacho hutoa takriban miligramu 50 kwa lita. Soma lebo, kwani nguvu hutofautiana, na ikiwa pungufu ongeza kiasi. Fungua kila bomba mpaka harufu ya klorini itoke, ili dawa ifike kwenye mipira na pampu pia, iache kwa muda wa saa 4, kisha mwaga yote na ujaze maji safi mara mbili. Usiiache usiku kucha kwenye tangi la chuma kisichoshika kutu, kwa maana klorini hulitoboa taratibu, na kwa tangi la alumini tafuta dawa nyingine kabisa. Maji mapya ya kunywa usiyoyaamini, lakini ni maangavu, yatosha mililita 20 za jiki hiyo kwa lita 200 na kusubiri nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza, kwani tope hula klorini.

Kichujio cha mkaa chini ya sinki ni kizuri kwa ladha, ila peke yake hakiui vijidudu, na kwa kuwa huondoa klorini, bakteria hupata mahali pa kuzaliana ndani yake kisipobadilishwa. Maji ya bomba la moto usiyanywe hata kidogo, maana joto la vuguvugu la kati ya nyuzi 25 na 45 ndilo bakteria wa legionela, wanaoleta nimonia, hulipenda.

Wanaong'ang'ania chupa nawaomba wapige hesabu. Watu 4 wakinywa lita 3 kila mmoja kwa siku 10 wanahitaji lita 120, yaani chupa 80 za lita moja na nusu, ambazo zikishaisha hazina pa kwenda. Tena tangu Juni 2020 chupa hizo zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi za Kenya, na hifadhi ya bahari ya Watamu iko njiani kabisa kwa anayeelekea Malindi au Lamu.

Boti ikiwa na matangi mawili, funga vali ya katikati na ujaze moja tu unapochukua maji mageni, kwa mfano ya kisima cha kisiwani, ambayo huenda yana chumvi usiyoihisi mpaka yamekwisha kuchanganyika. Na nje ya matangi yote weka madumu yaliyofungwa vizuri, yanayotosha kila mtu kunywa mpaka bandari iliyo karibu, yasiyoguswa kwa chai wala kwa kuoga, kwa sababu kifuniko kimoja kikivuja usiku wa bahari kali, tangi zima huwa chumvi kabla hujaamka.