Ua lile lile

Nilikuwa stendi ya Kange, Tanga, kifurushi nimekiegemeza gotini, naandika namba ya mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito, nikakwama katikati. Namba ile niliijua. Namba za watu hazinikai kichwani, lakini hii iliishia kwa tarakimu tatu zinazofanana, na siku chache nyuma nilikuwa nimeicheka, nikasema hii namba ya mtu mwenye bahati. Nikatazama jina. Nikatazama mji: Dodoma. Ni yule yule dada aliyenunua kanga kwangu wiki iliyopita.

Kondakta ananihimiza, basi linawaka.

"Kaka, mzigo huu hauendi," nikamwambia.

"Umeshaulipia, dada."

"Hauendi."

Ilikuwa Agosti 2021. Nilikuwa nauza kanga kwa simu, Instagram na WhatsApp, mwaka mmoja na nusu tayari, kutoka chumba cha uani nyumbani kwa mama, Ngamiani, Barabara ya 12. Mzigo nilikuwa naufuata Dar, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, korija moja moja, yaani vipande ishirini, doti kumi. Nikizidiwa na oda nachukua mbili. Picha napiga mwenyewe chini ya mwarobaini, saa mbili asubuhi, jua halijawa kali. Na picha zangu nilizionea fahari. Kanga naikunja mara nne, pindo linakaa vizuri, mji, yaani ile sehemu ya katikati, unaonekana, rangi zinawaka. Jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kanga, lilikuwa linaangukia ndani ya mkunjo. Sikuwa najificha, niliona tu maandishi yale yananiharibia picha.

Basi kila siku swali ni moja. "Imeandikwaje?" "Jina lake nini?" "Dada, maneno yake?" Nami najibu, "Ngoja nicheki dia," halafu kanga yenyewe iko chini ya rundo, na mimi niko jikoni, mpaka nikumbuke mteja kesha kwenda kwa mwingine. Usiku namlalamikia mdogo wangu: hawa watu wasumbufu, kanga ni kanga, kwani wanakwenda kusoma gazeti?

Mimi nilijiona nimeshawajua wateja. Wateja, kwa akili yangu ya wakati ule, ni pesa. Na ushahidi nilikuwa nao. Julai 15 mwaka ule ilianza tozo ya miamala ya simu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza habari za asubuhi kabla hajauliza, "Na ya kutolea nitume?" Doti shilingi 12,000, juu yake nauli ya basi, juu yake makato ya kutuma, juu yake tozo, juu yake ya kutolea. Mtu wa Mwanza akijumlisha anakuta kanga imekuwa na bei ya gauni. Nikaona dawa ni hiyo hapo. Nikaacha ule ujinga wa "bei njoo inboksi" nilioiga kwa wauzaji wakubwa, bei nikaiandika wazi juu ya picha. Ya kutolea nikaibeba mwenyewe. Kukata na kupinda nikafanya bure, maana doti dukani huja kipande kimoja, na si kila mtu ana fundi karibu. Oda zikapanda kidogo. Nikajipongeza. Septemba waliposhusha ile tozo kwa asilimia 30 nilifurahi kama vile mimi ndiye niliyekwenda bungeni.

Lakini swali la jina halikupungua hata kidogo, nami sikujiuliza kwa nini.

Yule dada wa Dodoma alikuja na swali hilo hilo, ila yeye aliliuliza vizuri zaidi. "Ile ya korosho nyekundu, jina bado ni Nani kama mama?" Bado. Neno hilo ndilo lingenishtua. Mzigo wa kwanza wa ua lile niliuleta mwezi wa Ramadhani, na kweli ulikuwa Nani kama mama, ukaisha ndani ya siku sita. Huu wa Agosti ulikuwa wa pili: ua lile lile, wekundu ule ule, korosho zile zile pembeni. Nikajibu hapo hapo, sijainua hata mkono, "Ndiyo dia."

Akaandika maelezo marefu, marefu kuliko ilivyo kawaida ya wateja. Kanga ni ya mama mkwe wake, anakaa hapa hapa Tanga, Makorora. Alipojifungua, mama huyu alisafiri hadi Dodoma akamuuguza siku arobaini, usiku anakesha na mtoto ili yeye mzazi apate usingizi. Sasa amepata mshahara anataka kumshika mkono. Nimpelekee hadi mlangoni. Pesa ikaingia, na ya tozo hakuitaja kabisa. Fundi akakata, akapinda, akakunja. Jina bila shaka aliliona, lakini yeye angejuaje inakwenda kwa nani? Bodaboda akapeleka. Dada akaniandikia, "Asante, mama amepokea." Nikatia alama kwenye daftari.

Siku tatu baadaye, saa mbili usiku, akaniandikia kijana nisiyemjua. "Dada, una kanga ya maneno makali?"

Nilicheka. "Makali kiasi gani?"

"Ya kumwambia mtu kwamba tumeshamjua."

Basi usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara, nikafunua kanga moja moja nikapiga picha ya jina. Nikimtumia, kimya kidogo, halafu jibu: "Bibi anasema hiyo laini." Natuma nyingine. "Bibi anasema hiyo ya kumwambia jirani, si mkwe." Tukaenda hivyo karibu saa nzima, na nakiri nilikuwa nafurahi, biashara imechangamka, nimepata mteja anayejua anachotaka. Mzigo wa korosho nyekundu sikuugusa. Ule niliujua: Nani kama mama, na mama hana ukali.

Mwishowe bibi akaridhika na hii: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Akalipa na ya kutolea, akasema mzigo utakwenda kwa basi, namba ya mpokeaji atanitumia asubuhi.

Hiyo ndiyo namba iliyonikwamisha Kange.

Nilirudi Ngamiani na bajaji, kifurushi mapajani. Nikaingia chumbani, nikavuta doti ya korosho iliyobaki, nikaifunua yote mpaka chini kwenye maandishi. KELELE ZA MLANGO HAZINIKOSESHI USINGIZI.

Nikakaa sakafuni.

Laiti ingekuwa fumbo jingine lolote. Kuna majina mengi ambayo mtu mzima angeyameza akasema ah, vijana. Lakini huyu mama alikesha siku arobaini kwa kilio cha mjukuu, halafu anapokea kwa mkono wa bodaboda, bila neno, bila simu ya kutangulia, kanga inayomwambia kelele zako hazininyimi usingizi. Nikaelewa na kimya kile cha Dodoma. Yule dada hakuwa ameuliza kitu tena baada ya "mama amepokea", na mimi nilidhani ameridhika.

Ningeweza kupeleka mzigo nikanyamaza. Nililifikiria, sitasema uongo. Nimelipwa mara mbili na nyumba moja, na hakuna hata mmoja anayejua kosa liko wapi. Mama ndiye aliyenitoa humo. Alisimama mlangoni, akaisoma kanga niliyoitandaza, nikamsimulia, akaniambia neno moja tu, "Vaa." Maana yake vaa uende.

Makorora nilifika karibu na alasiri. Kijana ndiye aliyenifungulia, akaona kifurushi, akaniangalia. Bi mkubwa alikuwa kwenye mkeka barazani, anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weye ndiye unayeuza kwenye simu?"

"Ndiye mimi."

"Haikwenda?"

"Haikwenda, mama. Naomba nikueleze."

Nikaeleza, nikajikanyaga, nikarudia. Hakuinua uso kwenye ungo. Nikaona maneno yangu hayatoshi, nikatoa simu, nikafungua yale niliyoandikiana na mkwewe. Herufi ndogo, haoni. Akamwita mjukuu asome kwa sauti. Kijana akasoma kama anasoma risala, pamoja na ile "Ndiyo dia" yangu.

"Dia ndiyo nani?" bibi akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Kijana akaendelea: mama mkwe, siku arobaini, akikesha ili mimi nilale, namtafutia ya Nani kama mama. Mkono wa bibi ukasimama kwenye mchele.

"Soma tena hapo pa siku arobaini."

Akasoma tena.

"Simu zake sijazipokea siku tatu," akasema, akimwambia nani sijui, labda ungo.

Akaingia ndani akatoka na ile kanga, imekunjwa vile vile alivyoikunja fundi, haijavaliwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu kanga zangu naziuza vipi, nikamwonyesha picha, zile nzuri za chini ya mwarobaini. Akazitazama kwa umbali wa mkono mzima. Akanisimulia kwamba mama yake alikuwa na kanga za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizi za sasa mama yule hakuzijua, kwa hiyo akienda dukani mwenye duka anatandaza kanga juu ya meza mpaka mwisho, anamsomea, na haikunjwi mpaka mnunuzi ameitikia. Kuna kanga mama yake aliikataa kwa jina tu, na rangi aliipenda mpaka akaiota.

"Sasa kwako weye," akasema, "nani anatandaza?"

Nikasema nitarudisha pesa zote, zake na za mkwewe. Akasema za mkwewe tutazungumza wenyewe huko, lakini ya mjukuu irudi, na ya kutolea irudi. Nikairudisha pale pale, mjukuu akathibitisha ujumbe umeingia. Nikaahidi kuitafuta Nani kama mama popote ilipo. Kisha nikanyoosha mkono niichukue ile ya korosho nikaondoke nayo.

Akaweka kiganja juu yake.

"Hii iache."

"Mama, hii ndiyo yenye kosa."

"Kosa la nani? Kanga haina kosa." Akatupa jicho kwenye ukuta wa jirani, redio ya huko ilikuwa inapiga kwa nguvu kweli. "Iache. Bei yake utakata kwenye hiyo utakayoleta."

Usiku nilimtumia dada wa Dodoma ujumbe wa sauti, dakika nne, maana kuandika kulinishinda. Akasikiliza. Hakujibu. Niliweka simu kifudifudi, nikala, nikaosha vyombo, nikarudi, bado. Karibu na saa nne akaandika: "Mimi nilijua amechukia zawadi ndogo." Baada ya hapo: "Amenipigia sasa hivi. Tumelia wote." Hakuniambia asante na sikuitegemea.

Wiki ile nilikaa na daftari na simu, nikapitia mazungumzo ya mwezi mzima, mstari kwa mstari, nikiandika kila mtu aliuliza nini kwanza. Kazi ya kuchosha, macho yaliniuma. Nilitegemea pesa iongoze. Iliongoza kwa wale wanaonunua mashuka. Wa kanga, jina lilikuwa mbele, pesa inafuata, na kila niliyemwambia "ngoja nicheki" pembeni yake hapakuwa na mauzo. Kulikuwa na mmoja aliyeniuliza mara tatu kwa siku mbili, kwa adabu, halafu akaaga. Nimemsoma mara kadhaa yule.

Tangu hapo picha ya kwanza ni ya jina, kanga imetandazwa, hata kama ua halionekani vizuri. Mzigo mpya ukifika naandika jina kwenye daftari kabla ya bei, na ua lililorudi nalihesabu kama kanga ngeni. Kabla kifurushi hakijafungwa nampigia mteja picha ya kile kile kinachokwenda, asome, anijibu ndipo nifunge. Wapo wanaoona nachelewesha. Oda moja mbili zimenitoka hivyo.

Nani kama mama niliipata soko la Ngamiani, kwa mzee mmoja anayeuza kanga na mikeka, ya buluu si nyekundu, kwa bei kubwa kuliko ninayouzia mimi. Sikubishana. Nikamwomba aitandaze. Akaitandaza, nikaisoma neno kwa neno, akaniangalia kama aliyepoteza kitu.

Ijumaa nikaipeleka Makorora mwenyewe. Bi mkubwa aliifungua pale pale mlangoni, akashika ncha moja, mjukuu akashika nyingine, akapitisha kidole chini ya kila herufi huku midomo inacheza. Alipofika mwisho akaikunja, akaitia kwapani. Yeye mwenyewe alikuwa amejitanda ile ya korosho nyekundu, jina limekaa mgongoni, limenyooka, na kapu la sokoni mkononi.

"Nipishe," akasema, "nipite upande huu wa jirani."