Besi hatembei

Mwaka 2019, msimu wa korosho, nilikuwa nikifundisha kwaya katika sekondari moja wilayani Masasi, mkoani Mtwara. Karatasi zetu zote zilikuwa za solfa, nota za herufi, d ni do, s ni sol, fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia. Usiku mmoja nikauingiza wimbo wetu wa mavuno kwenye Noteflight, programu ya kuandikia nota inayofunguka kwenye kivinjari, huna haja ya kusakinisha kitu. Ukibonyeza, inakupigia ulichoandika. Bando la wiki lilikata nikiwa katikati ya besi, ile sauti nzito ya chini, nikanunua jingine.

Kesho yake laptopu ikakaa mezani, wanafunzi wakaizunguka. Ile mistari mitano ya nota haikuwaambia kitu. Wao ni watu wa d, r, m. Lakini masikio wanayo! Wimbo ukaenda vizuri mpaka mstari wa mwisho, besi ikaporomoka oktava nzima, kutoka sol hadi sol ya chini yake.

“Mwalimu, kompyuta imekosea.”

Nikawaambia kompyuta inapiga ilichoandikiwa, huku nikijua aliyeandika ni mimi. Tukaipeleka karatasi dirishani. Chini ya s, ubavuni kidogo, palikuwa na kidoa kidogo kuliko kichwa cha sindano. Kama ni alama, ile ni sol ya chini. Kama ni uchafu wa mashine, besi walikuwa sahihi siku zote. Wavulana wa besi wakaapa ni uchafu. Wasichana, ambao hawakuwa na cha kupoteza, wakasema ni alama, tena inaonekana wazi. Kipindi kikaisha wakibishana.

Jumamosi nikapanda Haisi hadi Chikundi, kwa mzee mmoja aliyeimba besi tangu ujana wake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kaa.”

Nikampa karatasi. Akaikunja bila kuitazama, akaniuliza ni wimbo gani, akafumba macho, akaimba. Nilisubiri ule mstari wa mwisho nimebana pumzi. Hakupanda, hakushuka. Alibaki kwenye do, ile ile, akiivuta taratibu.

“Hapo besi hatembei,” akasema. “Anawasubiri wenzake.”

Nikawasha intaneti ya simu, nikafungua laptopu magotini, nikafuta sol, nikaweka do. Chaji ilikuwa imebaki asilimia 8. Nikabonyeza. Babu akasogeza sikio.

“Haraka mno,” akasema.