M yenye miguu mirefu

Jana usiku binti yangu, yule wa darasa la kwanza ambaye daftari la mwandiko linamtoa jasho, kaniuliza kwa nini M ina miguu na O haina. Nikacheka peke yangu. Mama yake akauliza kuna nini, nikamwambia hamna kitu, nimemkumbuka Mzee.

Mzee wa mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, wengine mnamjua. Yule wa chumba cha nyuma pale kwenye duka la uchapaji, barakashia na redio ya betri. Mjomba ndiye aliyenipeleka pale nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, nikunje kadi za harusi na kufagia vipande vya karatasi. Mbele walikaa vijana wa CorelDRAW, ile programu ya kuchorea, wakigombania kompyuta. Mzee alibaki na meza yake ya kioo yenye tyubu chini, wembe, gundi na karatasi za treisi. Joto la mle ndani, acha tu.

Ukutani alikuwa amebandika fotokopi iliyochakaa. Maandishi matupu, "Mother & Child", basi. Ila ukisogea unaona: ndani ya O ya "Mother" imelazwa ile alama ya &, na tumboni mwa alama hiyo ndimo lilimojikunja neno "child". Hakuna sura ya mama, hakuna chupa ya maziwa, na bado mimba unaiona. Aliyeifanya ni Herb Lubalin, msanifu wa New York, mwaka 1965, kwa ajili ya gazeti. Mzee alilitaja jina hilo kama shabiki anavyomtaja mfungaji wa timu yake. Ndiye huyohuyo, akaniambia, aliyesanifu jina la jarida la Avant Garde, 1968, ambapo A na V zimelaliana kwenye mteremko mmoja.

"Wengine wanaandika kwanza, halafu wanatafuta picha ya kuchomeka pembeni," alisema. "Huyu picha kaikuta humohumo kwenye maandishi."

Siku moja akaja mama mmoja, nesi mstaafu, anafungua zahanati ya uzazi Tandika. Alitaka kibao na kadi za kliniki: nesi, mtoto mchanga, na msalaba mwekundu juu.

"Msalaba ule una wenyewe, dada yangu," Mzee akamwambia. "Umo kwenye Mikataba ya Geneva, ile ya sheria za vita. Si wa kila mwenye Panadol." Yule mama akacheka, akaambiwa arudi Ijumaa.

Alhamisi jioni duka limefungwa, tumebaki wawili. Mzee akazima feni, maana upepo ungerusha vipande, na mimi nikaambiwa nisimpumulie mezani. Alikuwa ameshaandika MAMA mara nyingi hata treisi zimejaa chini. Sasa akachora M ya kwanza upya, kubwa, miguu imeshuka mirefu na wima. Akakata m ndogo kwa wembe, akainyanyua kwa ncha, akaishusha katikati ya ile miguu. Ikakaa vibaya, imebanwa. Akaipunguza kichwa, chembe tu, unga mweusi ukabaki kwenye kioo. Jasho likamfika kwenye nyusi, akalifuta kwa kiwiko lisidondoke kwenye wino. Akaisogeza tena, safari hii kushoto, mpaka ikagusa mguu mmoja.

Ghafla m ikawa mtoto. Kamshika mama mguu, anamchungulia mgeni. Niliona kabla hajasema, na kusema kweli mwili ulinisisimka. Mistari tu ile! Mzee hakusema chochote, aliwasha feni.

Ijumaa nesi akaitazama muda mrefu.

"Nzuri. Ila mtoto yuko wapi?"

Mzee akaonyesha kwa kidole.

"Mimi naona M." Akaiinua kwenye mwanga, akaishusha. "Mzee wangu, mgonjwa wangu anatoka Mbagala uchungu umeshamshika. Hana nafasi ya kumtafuta mtoto kwenye herufi."

Hilo swali, kama ni swali, sijalipatia jibu mpaka leo. Siku hizi nami natengeneza mabango, na kila mteja akiniambia "ongeza picha" namsikia yule mama, tena namsikia na sauti yake ya kistaarabu kabisa. Nina hakika Mzee alifanya kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye duka lile. Kwamba ilifaa kwa kibao cha Tandika, hapo sina hakika.

Mzee hakubishana. Alimchorea nesi wake, kofia na tabasamu, na kitoto kinene cha kupendeza. Msalaba hakuweka, hilo alishinda.

Mama alipoondoka nikamuuliza haimuumi? Mimi nilikuwa nimenuna kwa niaba yake.

"Lile gazeti la Lubalin lenyewe halikutoka hata toleo moja," akasema, huku anakusanya vipande vyake.

"Lakini ile kazi yake inajulikana duniani, Mzee!"

"Basi na wewe nenda kaijulishe hii. Ukirudi upitie chapati mbili."

Chapati nilileta dakika ileile. Kuijulisha ndiyo kwanza naijulisha leo, na picha yake sina, kwa hiyo itabidi muichore wenyewe: M ndefu, m fupi, kushoto kidogo.