Kanzidata ya pamoja ya huduma: nani atapiga simu?

Ofisi ya ustawi wa jamii ikisema haina kanzidata ya huduma, yaani hifadhi ya pamoja ya taarifa zake, mara nyingi inayo, ila imetawanyika: nusu iko kwenye daftari la afisa aliyehamishiwa Kwimba, robo kwenye kikundi cha WhatsApp, iliyobaki kichwani mwa dada wa mapokezi.

Kabla ya kubishania programu, tenganisheni mambo mawili. Orodha ya huduma (nani anatoa nini, wapi, kwa masharti gani) ni ya kila mtumishi kuiona. Mafaili ya wahitaji ni siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inayagusa moja kwa moja. Mkiyachanganya kwenye laha moja, jina la mtoto litasambaa pamoja na namba ya zahanati. Mahali ilipo nyumba salama, wanakohifadhiwa waliokimbia ukatili, pia hapaandikwi. Andika cheo cha mtu wa kupigiwa, basi.

Kwa huduma 100 hadi 200, Excel au Google Sheets inatosha. Shida huanzia kwenye safu (column). Namba ya simu ikiingizwa kama tarakimu, Excel inakula sifuri ya mbele, kwa hiyo safu hiyo iwekwe kama maandishi kabla ya kujaza chochote. Kata zichaguliwe kwenye menyu, zisichapwe kwa mkono, maana "Buhongwa" na "Buhongwa Kati" zitahesabika kama kata mbili. Saa ndiyo mtego mbaya zaidi: mmoja ataandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, kompyuta itaelewa saa nane usiku. Andikeni kwa maneno: "saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri".

Safu ya gharama isikubali neno "bure" peke yake. Kumwona daktari kunaweza kuwa bure, vipimo vikalipiwa. Na safu ya nyaraka ndiyo inayookoa nauli za watu: barua ya mtendaji wa mtaa, kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa. Mama anayevuka kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akirudishwa kwa kukosa barua, amepoteza siku nzima na pesa ya kivuko.

Sasa uhakiki, ambao ndio kanzidata yenyewe. Kila mstari uwe na tarehe ya mwisho kuhakikiwa na cheo cha aliyehakiki. Kama tarehe iko safu ya K, kanuni =TODAY()-$K2>90 kwenye upakaji rangi wa masharti (Conditional Formatting) itawekea wekundu kila mstari uliopita siku 90. Huduma 120 kwa miezi mitatu ni 40 kwa mwezi, yaani simu mbili kila siku ya kazi. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo, iandikwe kwenye majukumu yake. Ikiachwa kuwa ya wote, haifanywi.

Anayepiga asiulize "bado mpo?" Atajibiwa ndiyo, kwa adabu tu. Aulize kama anayeleta mtu: "Nikimleta mama mwenye mtoto kesho saa tatu, atapokelewa na nani, aje na nini?" Hapo ndipo utasikia kwamba mhusika yuko likizo au mradi ulishafungwa.

Wahariri wawili wanatosha. Wengine wasome na kuripoti makosa. WhatsApp msiifute, hamtaweza. Ila mtu akiuliza kikundini "nani ana namba ya dawati la jinsia la polisi?", ajibiwe kwa kiungo cha mstari husika. Akipewa namba tupu, kesho atauliza tena. Simu 116 ya watoto iwekwe juu kabisa, isitafutwe.

Baada ya rufaa, yaani kumwelekeza mhitaji kwenye huduma, jazeni neno moja bila jina la mhitaji: alipokelewa, alikataliwa, au hakwenda. "Alikataliwa" tatu mfululizo kwa huduma moja, piga simu leo, usisubiri zile siku 90.

Ofisi za visiwani, mtandao unapokatika, zitahitaji nakala ya karatasi. Chapeni kila mwezi, tarehe iwe juu ya kila ukurasa, na mpya isitolewe mpaka ya zamani irudishwe ichanwe.