Joginder Singh anavyosimuliwa kwenye garaji za Goma

Ukitaka kuanzisha ubishi Goma bila kugusa siasa wala mpira, ingia garaji yoyote ya upande wa Birere yenye mzee aliyewahi kufanya njia ya Mombasa, umwambie kwamba katika Safari Rally, zile mbio za magari za Kenya, Shekhar Mehta alikuwa dereva bora kuliko Joginder Singh. Spana zitawekwa chini. Atakayekujibu huenda akawa tonton wangu, yaani mjomba, na hapo usitegemee gari lako kuwa tayari kabla ya saa kumi.

Tonton alikuwa utingo wa lori miaka ya sabini, kati ya Mombasa na huku kwetu. Katika wazee wote wanaomsifu Joginder hapa, ni yeye peke yake anayedai kumwona kwa macho: Pasaka ya 1976, kando ya barabara, Kenya. Wapi hasa? Hapo ndipo penye shida. Nilipokuwa mdogo palikuwa Nakuru, baadaye pakawa Molo, na mwaka jana mbele ya wageni nilisikia Voi. Kisichobadilika ni mvua, dimbwi lililokata barabara, na yule kalasinga ndani ya Mitsubishi Lancer. "Niliona kilemba kabla sijaona gari," husema kila mara.

Anavyosimulia, magari mengine yalilivamia dimbwi kwa kishindo, maji yakaruka hadi juu ya miti, watu wakapiga kelele za furaha, kisha gari likazimika katikati. Joginder alipofika alipunguza mwendo mpaka watu wakadhani anasimama. Akatia gia ya kwanza, akaingia polepole huku moteri inanguruma bila kushuka, akatoka ng'ambo ya pili kama anapeleka watoto kanisani. Hakuna aliyeshangilia, tonton anasema, kwa sababu hapakuwa na cha kushangilia.

Fundi mmoja jirani yetu, mtu wa Bukavu aliyekuwa akifuata mbio hizo kwa redio ya Kenya, ndiye aliyenieleza maana yake. Ukiingia majini kwa kasi, feni inachota maji na kuyamwaga juu ya delko, pale umeme unapogawanywa kwenda kwenye plagi. Delko ikilowa, moto umekatika, na gari limekufa hata kama moteri ni nzima. Ndiyo maana madereva wa zamani walilegeza mkanda wa feni kabla ya mto, wakapita, wakaukaza tena ng'ambo. Alinionyesha kwenye Toyota kuukuu iliyoletwa imelowa: akafungua kifuniko, akafuta vile vichwa vya shaba kimoja kimoja kwa ncha ya shati lake, akapuliza, akafunga. Gari likawaka. "Joginder alikuwa makanika kabla ya kuwa dereva," akasema, huku akitafuta mahali pakavu kwenye shati pa kufutia mikono.

Na ni kweli. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza kazi kwenye garaji ya baba yake, mikono ikazoea grisi kabla ya usukani wa mashindano. Mwaka 1965 aliingia Safari na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mbio, ndugu yake Jaswant akiwa msoma ramani. Waliondoka Nairobi wa kwanza, namba 1 ubavuni, wakarudi wa kwanza. Hapa mafundi wa Goma hutabasamu, maana hakuna anayejua kama wao maana ya kununua gari la mkono wa pili, ukalifungua lote, ukalirudisha na kulifanya lifike. Nusu ya magari ya mji huu yanaishi hivyo, tena juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo.

Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii na Lancer, mbele ya Björn Waldegård na Porsche yake. 1976 akashinda mara ya tatu, na Lancer zikashika nafasi zote tatu za mbele. Wakenya walimwita Simba.

Lakini hesabu ambayo tonton huipenda kuliko zote si hizo tatu. Joginder aliingia Safari mara 22, akamaliza 19. Hebu fikiria mbio zile zilivyokuwa: zaidi ya kilomita 5,000, msimu wa masika, barabara wazi yenye ng'ombe, malori na mabasi ya kawaida. Mwaka 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Magari mengi yalifungwa vishikio na vikanyagio nyuma, ili msoma ramani ashuke, apande juu ya bampa na kurukaruka pale magurudumu yanapokosa mshiko kwenye utelezi. Vijana wetu wanaoning'inia nyuma ya magari wakipanda Sake wangeipata kazi hiyo bila mtihani.

Hao vijana nao wana hoja zao. Kuna mmoja pale garaji ambaye huvuka kwenda Rwanda kusaidia mafundi wakati wa mbio, na simu yake imejaa video za Naivasha tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. "Tonton, Ogier na Rovanperä wangemwacha mzee wako kwenye kona ya kwanza." Tonton hakatai. Anauliza tu sehemu za kushindania siku hizi zina urefu gani. Takribani kilomita 360, kijana anajibu. "Hiyo si Safari, mwanangu, hiyo ni kwenda sokoni." Nadhani hapo tonton anaonea, kwa sababu kasi ya leo kwenye lile vumbi la Kedong, kule Naivasha, ingetisha wazee wote wa 1965. Ila vijana hucheka na kumwachia ushindi, kwa heshima.

Kuhusu Mehta, tonton hana jibu safi. Mzaliwa wa Uganda, familia yake ikafukuzwa na Amin mwaka 1972, na mwaka uliofuata akashinda Safari akiwa amelingana adhabu za kuchelewa na dereva mwenzake Harry Källström. Ikabidi watazamwe nani alikaa muda mrefu zaidi bila adhabu. Kisha akashinda mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Tano kwa tatu! Siwezi kusema Joginder alikuwa mkubwa kuliko yeye, na tonton akisoma hapa atanuna.

Ila ukiniuliza nani ampeleke mama yangu Bukavu kwa gari, kupitia Minova, mwezi wa nne, siku meli zimejaa, sitafikiri mara mbili. Mpe kalasinga funguo. Na mama amkatalie kusimama Sake kununua jibini, maana hapo ndipo muda wote unapopotelea.